Milimita Tatu za Kizibo

Watu wengi hawajawahi kukiona kizibo kabla hakijafungwa. Tunavijua vile vilivyokwisha kung'olewa: vimepindwa mgongo na opena, vimekanyagwa mlangoni mwa duka, au vimepangwa kwenye ubao wa drafti, kundi moja limelala kifudifudi na jingine chali. Kizibo kipya kina umbo jingine. Ukingo wake umefunguka kwa nje, meno yake 21 yana mteremko mmoja, na ukikiweka juu ya mdomo wa chupa kinakaa tu bila kushika. Ukiitikisa chupa kinaanguka. Kipenyo chake kwenye ncha za meno ni milimita 32. Kikishafungwa sawasawa, kipenyo hicho kinashuka na kuwa kati ya milimita 28.5 na 29. Tofauti ni milimita tatu na ushei. Mashine ninayotaka kuieleza hapa, pamoja na nguzo yake, wenzo wake na kitako chake kizito, huundwa kwa ajili ya milimita hizo tatu.

Ni mashine ya kufunga vizibo ambayo mpikaji wa bia wa nyumbani anaiunda kwa mikono yake mwenyewe. Marekani, Uingereza na Australia kuna watu wengi wanaopika bia jikoni au gereji kwao, kwa kimea, hopsi na hamira, lita 19 au 23 kwa mkupuo mmoja, yaani chupa 38 hadi 46 za nusu lita. Mashine ya kufungia inauzwa madukani na bei yake si ya kutisha. Hata hivyo kila kizazi cha wapikaji kina watu wake wanaoamua kuunda ya kwao. Ninawaheshimu sana, kwa sababu kazi yao inadai subira mahali ambapo mtazamaji anadhani inadai nguvu.

Pombe zetu nyingi za asili hazikuhitaji kizibo. Mbege ya Wachaga, ya ndizi na ulezi, hunywewa ingali inachacha. Ulanzi wa Iringa ukigemwa kwenye mianzi leo, kesho ni mkali na keshokutwa ni mwingine kabisa. Hivyo ni vinywaji vya siku yake na vya watu waliokwisha kukusanyika, na kibuyu au ndoo inavitosha. Bia ya chupa imejengwa juu ya nia tofauti: kinywaji kisubiri, na katika kusubiri kiendelee kufanya kazi. Bia inapomaliza kuchacha kwenye pipa, mpikaji huongeza sukari kidogo, kama gramu sita kwa lita, kisha hujaza chupa na kuzifunga. Hamira iliyobaki inaila sukari hiyo na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi haina pa kwenda, kwa hiyo inayeyuka ndani ya bia.

Baada ya wiki mbili hivi, kwenye chumba cha nyuzijoto 20, msukumo chini ya kizibo unafika kama paundi 26 kwa inchi ya mraba, karibu sawa na upepo wa tairi la gari dogo. Ihamishie chupa hiyohiyo Dar es Salaam, kwenye chumba cha nyuzijoto 30, nao unapanda hadi paundi 36 hivi. Ukipiga hesabu ya eneo la mdomo wa chupa, kizibo kinasukumwa juu kwa nguvu ya kilo tano hadi nane, usiku na mchana, kwa miezi. Kinachokizuia ni bati jembamba la robo milimita hivi, lililokunjwa chini ya ukingo wa kioo. Sehemu moja ya duara ikikunjwa nusu tu, gesi inapata njia. Wala haitoki kwa kishindo. Inavuja polepole, hewa nayo inaingia, na siku ya kufungua hakuna mlio wala povu. Bia imepooza na ladha yake imechakaa. Mpikaji aliyeloweka, aliyechemsha na aliyengoja mwezi mzima anapoteza kazi yake mwishoni kabisa, kwenye meno ya bati.

Aliyebuni meno hayo ni William Painter, fundi mitambo wa Baltimore, aliyezaliwa katika jimbo la Maryland mwaka 1838. Kabla yake watu walihangaika na mambo mengi: vizibo vya gome laini la mti vilivyokazwa kwa waya, vifuniko vya kauri vyenye bawaba, hata gololi ya kioo iliyokaa ndani ya shingo ya chupa na kusukumwa juu na gesi yenyewe. Mwaka 1892 Painter alipewa hataza ya kizibo cha bati chenye meno 24 na kipande chembamba cha gome laini ndani yake, na mwaka huohuo ikaanzishwa kampuni ya Crown Cork & Seal. Meno yalikuja kupunguzwa hadi 21, na gome likaachia nafasi plastiki, lakini umbo ni lake hadi leo. Ninachompendea zaidi ni kwamba hakuishia kwenye kizibo. Alielewa kwamba kizibo hicho bila mashine ya kukikunja ni kipande cha bati tu, na kabla karne haijaisha alikuwa amebuni mashine ya kukanyagwa kwa mguu ili viwanda vya vinywaji viweze kukitumia.

Mashine ya mkono ya nyumbani ilienea kwa sababu ya sheria. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima, na familia nyingi zikaanza kupika bia kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao kwa sharubati ya kimea iliyouzwa kwenye makopo. Mashine za chuma cha kusubu zilipatikana kwenye maduka ya vyombo kama kitu cha kawaida cha jikoni. Marufuku ilipoondolewa, bia ya nyumbani haikuruhusiwa pamoja na nyingine. Ilibidi kungoja hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria iliyoiruhusu. Waingereza walikuwa wameondolewa sharti la leseni tangu 1963. Kwa hiyo wapikaji wa Marekani wa miaka ya mwisho ya 1970 waliingia kwenye ufundi huu huku wakirithi mashine za babu zao kutoka kwenye mabanda, zenye kutu, zenye springi zilizolegea. Wengi walijifunza namna mashine inavyofanya kazi kwa kuifungua na kuitengeneza upya, na kutoka hapo hatua ya kuunda mpya kabisa haikuwa ndefu.

Kuna njia nyepesi ya kufunga kizibo, nayo ni kikombe cha chuma kinachowekwa juu ya kizibo na kugongwa kwa nyundo ya mpira. Siipendi. Kioo kinavumilia kugandamizwa, hakivumilii kugongwa. Kuna pia mashine ya mabawa mawili, inayoshika shingo ya chupa kwa taya mbili na kukibonyeza kizibo unapoyashusha mabawa. Ni nzuri na nyepesi, lakini inategemea pete ya kioo iliyo chini ya mdomo. Chupa isiyo na pete inayoshikika vizuri inateleza kwenye taya, na shingo nyembamba inaweza kukatika. Mashine ya tatu ndiyo mafundi wanayoiunda: ya kusimama mezani, chupa inakaa chini, kikombe kinashuka kutoka juu, na shingo haiguswi na kitu.

Kikombe hicho, ambacho nitakiita kengele kwa umbo lake, ndicho moyo wa kazi yote, na mafundi wazuri huanza nacho. Mdomo wake una upana wa milimita 33 hivi, ili ukipokee kizibo bila kugusa meno. Kisha unapungua, kwa bega lililoviringwa, hadi kwenye koo lenye kipenyo cha milimita 28 na nusu hivi. Koo ni jembamba kidogo kuliko kizibo kinachotakiwa kupatikana, kwa sababu bati likikunjwa na kuachiwa hurudi nyuma kidogo. Kila kitu kinategemea lile bega. Likiwa kali, meno yanakwaruzika, rangi inabanduka, na kutu inaanza pale pale. Likiwa refu mno, meno yanaanza kukunjika kabla kizibo hakijakaa imara juu ya kioo. Bega zuri linayapokea meno yote 21 kwa wakati mmoja na kuyasukuma ndani na chini kwa mwendo mmoja mpole.

Kuikereza kengele ni kazi ya mashine ya kukereza na ya mtu asiye na haraka. Tundu la kwanza ni rahisi. Koo nalo linapatikana kwa kupima na kukata, kupima na kukata, kila mara unyoya wa chuma tu. Bega ndilo linalochukua mchana mzima. Fundi hulipa umbo kwa kisu alichokinoa mwenyewe kwa mviringo anaoutaka, kisha huacha kisu na kuchukua msasa, namba 240, kisha 400, kisha 800, kisha 1200, kengele ikizunguka na kidole kikisikiliza. Mikwaruzo ya kisu isiyoonekana kwa jicho inaonekana kwenye kizibo cha kwanza utakachofunga, kama mistari midogo kwenye kila jino. Wenye tanuri huigeuza kengele kuwa ngumu: wanaipasha moto hadi sumaku inakataa kuing'ang'ania, jambo linalotokea kwenye nyuzijoto 770 hivi, wanaongeza moto kidogo, wanaizamisha kwenye mafuta, kisha wanaipasha tena kwa moto mdogo ili isiwe rahisi kupasuka. Kwa mtu anayefunga chupa mia chache kwa mwaka, chuma cha kawaida kilichosuguliwa vizuri kinatosha kwa muda mrefu. Shaba ni nzuri kwa macho, ila inaliwa na meno ya bati mapema.

Wapo wasio na mashine ya kukereza, na hao huichukua kengele kutoka kwenye mashine ya zamani iliyovunjika na kuijengea mwili mpya. Sioni upungufu wowote katika hilo. Mwili wenyewe una ugumu wa kutosha.

Ndani ya kengele, katikati, kuna kidude kidogo cha chuma kilichowekwa juu ya springi. Kengele inaposhuka, hicho ndicho kinachogusa kizibo kwanza, kukikandamiza juu ya kioo ili plastiki ya ndani ikae vizuri kwenye mdomo wa chupa. Ndipo koo linafuata na kukunja meno. Mpangilio huu hauna mbadala. Meno yakikunjwa kabla plastiki haijabanwa, kizibo kitaonekana kimefungwa na kitavuja. Chupa ikishafungwa, springi hiyohiyo inakisukuma kizibo kitoke kooni, chupa ibaki chini wenzo unapoinuliwa. Wengi huongeza kipande cha sumaku, kilichotolewa kwenye spika mbovu, ili kizibo kikae ndani ya kengele chenyewe na mikono ibaki huru. Ni nyongeza ndogo yenye faida nyingine: kizibo kilichoshikwa na sumaku kinashuka kikiwa katikati ya kengele kila mara.

Nguvu inayotakiwa ni suala ambalo wenzo unalimaliza mapema. Chukua bomba la sentimita 60, weka egemeo lake kwenye ncha moja, sentimita sita kutoka mahali linapobonyeza. Mkono ukivuta ncha nyingine kwa kilo 15, wenzo unabonyeza kwa kilo 150. Hata kijana wa miaka kumi anaweza kufunga chupa. Kwa sababu hiyo mtu anayeisifu mashine yake kwa kusema ina nguvu sana huwa hajasema kitu bado. Swali ni kama nguvu hiyo inashuka wima.

Chupa iliyosimama, ikibanwa kutoka juu kupitia katikati yake, inabeba mzigo mkubwa kuliko tunavyodhani. Chupa hiyohiyo ikisukumwa kando kwenye mdomo, shingo inapasuka kwa nguvu ndogo. Na si shingo tu: kengele ikishuka imeinama hata kwa nyuzi mbili, meno ya upande mmoja yanaingia kooni kabla ya mengine, kizibo kinakaa upande, na upande wa pili unabaki umefunguka. Hapo hakuna nguvu itakayorekebisha. Ukiongeza kuvuta unazidisha kosa.

Mashine ya kwanza anayoifikiria kila mtu ina ubovu huu ndani yake. Nguzo moja imesimama nyuma, wenzo umefungwa kwa pini juu ya nguzo, kengele imechomelewa chini ya wenzo. Inaonekana sawa, lakini kitu chochote kilichofungwa kwenye wenzo kinakwenda kwa tao. Juu kengele imeinamia huku, chini imeinamia kule, na ni mahali pamoja tu katika safari yake ambapo iko wima. Fundi mwenye bahati anaweza kuiweka mashine ili mahali hapo pakutane na mdomo wa chupa. Akibadilisha chupa ya nusu lita kwa ya mililita 330, bahati imekwisha.

Dawa yake ni kuutenganisha wenzo na kengele. Kengele inafungwa kwenye fimbo nene ya chuma, fimbo inapita ndani ya bomba lenye bushi juu na chini, na haiwezi kwenda popote isipokuwa juu na chini. Wenzo unaisukuma fimbo kupitia kipande kifupi chenye pini mbili, ambacho ndicho kinachoumeza ule mwendo wa tao. Kazi nzima ya usahihi inahamia kwenye zile bushi: zikibana sana fimbo inakwama, zikilegea kengele inacheza. Mafundi huzikata za shaba nyeusi au za nailoni ngumu, na huziweka mbalimbali kadiri inavyowezekana, maana bushi mbili zilizo karibukaribu haziwezi kuzuia fimbo isiyumbe. Wengine huepuka kazi hii kwa kutumia stendi ya drili, ambayo tayari ina mwendo ulionyooka, au wanachukua mtambo wa usukani wa gari kuukuu, wenye fimbo ya meno na gia ndani ya ganda lake, na kuusimamisha wima. Huu wa usukani naupenda kwa namna ya pekee. Uliundwa kuhimili barabara mbovu, kwa hiyo chupa za bia hazitauchosha.

Ipo pia njia ya viungo viwili vilivyounganishwa kwa pini, vinavyoanza vimekunjana na kumaliza vikikaribia kunyooka. Uzuri wake ni kwamba kadiri vinavyonyooka ndivyo nguvu inavyoongezeka, na kizibo nacho kinataka nguvu zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Mkono unaovuta unahisi uzito uleule tangu juu hadi chini. Fundi akilipata hili, huwa amefanya mashine isiyomchosha mtu hata chupa ya arobaini.

Halafu kuna mwili. Mashine ya nguzo moja, wakati wa kubonyeza, inataka kufunguka: kitako kinasukumwa chini, kichwa kinasukumwa juu, na nguzo inajipinda kwenda nyuma. Kwa chuma kinene haionekani, ingawa ipo. Kwa mbao inaonekana kwa macho. Namna ya kuipima ni kuning'iniza timazi kando ya nguzo, kuvuta wenzo na chupa ikiwa mahali pake, na kuangalia kama uzi na nguzo vinaachana. Kwa maoni yangu, anayejenga kwa mbao au kwa bomba jembamba aachane na nguzo moja moja kwa moja. Asimamishe mbili, moja kila upande wa chupa, na boriti juu yake. Hapo mzigo unapita katikati, nguzo zote mbili zinavutwa sawa, na hakuna upande wa kujipinda. Mashine hiyo ni pana, inakaa vibaya kabatini, na sura yake haivutii. Lakini inafunga vizuri kuliko nyingi zilizopakwa rangi inayong'aa.

Kitako kina hila yake. Wanaoanza huchonga shimo la kukaza chupa isisogee, wakidhani wanaisaidia. Chupa zinazorudishwa kiwandani na kutumika tena si zote zilizonyooka. Mdomo unaweza kuwa milimita moja nje ya katikati ya kitako chake. Ukiikaza chini, unailazimisha kengele kuusukuma mdomo kando. Ni bora kuweka kipande cha mpira tambarare na kuiacha chupa isogee yenyewe chini ya kengele inaposhuka. Kengele isimame imara, chupa iwe huru. Urefu wa chupa mbalimbali unashughulikiwa kwa matundu kwenye nguzo na pini nene ya kuinua au kushusha kichwa, na zile tofauti ndogo za milimita moja au mbili kati ya chupa za aina moja zinaachiwa springi.

Mashine ikikamilika, kuna bamba la kuipimia kazi yake. Ni kipande cha chuma cha milimita tano chenye matundu mawili, moja la milimita 29 na jingine la 28.5. Kizibo kilichofungwa lazima kipite kwenye tundu la kwanza na kikataliwe na la pili. Kikikataliwa na yote mawili, kimelegea. Kikipita yote mawili, kimebanwa kupita kiasi. Majaribio hufanywa kwa chupa zenye maji, kwa miwani ya kazi na glavu. Kabla ya kufunga, chora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye kizibo, upande unaoelekea nguzo, kisha soma meno. Kama upande uliolegea ni ule ule kila mara, nyuma au mbele, kosa liko kwenye mwili wa mashine au kwenye bushi. Kama unahamahama kila unapobadilisha chupa, mashine ni nzima na chupa ndizo zilizopinda. Mtu anayejua kusoma hivi anaweza kuirekebisha mashine kwa kipande cha bati chembamba chini ya mguu mmoja wa nguzo, na kuiona ikibadilika papo hapo.

Kuna chupa ambazo hazifai hata mbele ya mashine bora. Chupa za kuzungusha kwa mkono zina mdomo wenye hesi, na meno hayapati ukingo kamili wa kushika. Chupa za baadhi ya bia za Ubelgiji na za mvinyo wa kumeremeta zinataka kizibo kikubwa zaidi na kengele yake. Zinazofaa kuliko zote ni zile nzito za kurudisha, ambazo Afrika Mashariki tumezizoea kuliko wengi: kioo kinene, mdomo imara, zimeoshwa na kujazwa mara nyingi bila kulalamika. Arusha, kampuni ya Banana Investments imejaza kinywaji cha ndizi kwenye chupa za namna hiyo kwa miaka, na kizibo ni kilekile cha Painter.

Siku ya kufunga ina mwendo wake. Vizibo viko kwenye bakuli la maji ya dawa, chupa zimejazwa hadi sentimita tatu chini ya mdomo. Wenye uzoefu huziacha kidogo povu lipande hadi juu, maana povu likigusa kizibo limeshatoa hewa yote. Kisha mmoja anaweka, mwingine anavuta. Mkono unasikia hatua mbili: kwanza upinzani laini, meno yakianza kuingia kwenye bega, halafu kituo kigumu, koo likiwa limeshuka lote. Hapo unaachia. Mtu wa kwanza kuitumia mashine nzuri hushangaa jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo, na mshangao huo ni ushahidi wa kazi iliyofanyika kwenye bega la kengele na kwenye bushi, kabla ya siku hiyo.

Nawaambia hasa mafundi wetu, wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Gikomba jijini Nairobi, wa kila mji wenye mashine ya kukereza na mtambo wa kuchomelea. Kazi hii iko ndani ya uwezo wenu, na haiwafai wapikaji wa bia peke yao. Anayetengeneza tangawizi ya kuchachuliwa nyumbani anahitaji mashine ileile, na sheria ya vinywaji vya kuuza katika nchi yake aijue kabla hajauza chupa ya kwanza. Ukiamua kuiunda, usianze na nguzo wala na wenzo. Toboa kwanza bamba la matundu mawili, la 29 na la 28.5, ulipime kwa venia hadi uridhike. Kisha kereza kengele. Mwili ujenge mwisho, nguzo mbili, na timazi ikining'inia kando tangu bolti ya kwanza.